Safu ya Sababu

Daftari hili lina safu nne, nilizipiga kwa rula ya mwanangu:
jina, zamu, faini, sababu.
Likilowa nalikausha juu ya mafiga,
ndiyo maana kurasa za masika zinanuka moshi.

Mfongo wetu unatoka juu, msitu unapoishia,
unapita kwa Vitalisi, kwa akina Mariki, nyuma ya zahanati,
usiku unajaza nduwa, alfajiri tunazibua,
kila kihamba na saa zake.
Maji hayana ubini.
Tope ndilo lina wenyewe.

Mwaka huu alikuja bwana wa mradi. Mtendaji kavaa koti.
Wakabandika ramani ukutani: bomba, mita, matangi mawili.
Mfongo waliuchora kwa nukta nukta,
kama mtu anayezungumziwa naye yumo chumbani.
"Wadau wote tutawajibika," akasema.
Apolinari akanyoosha mkono: "Mdau ndiye nani?
Maana mimi nina jembe.
Sijui kama jembe linaingia humo."
Tulicheka. Mtendaji naye alicheka, kisha akatazama saa.

Bomba silikatai.
Nilipokuwa mtoto mlima ulivaa kilemba kizima,
leo umebaki na leso.
Nauliza tu: likipasuka usiku wa Ijumaa
nitaandika jina la nani?

Kutoka bondeni walikuja wanne kwa pikipiki mbili,
watu wa mpunga, vumbi hadi kwenye kope.
Mama Nakijwa akafungua pindo la khanga,
akamwaga mezani, juu ya ramani, mapepe matupu.
"Maji yenu yameishia hapa."

Basi tukamtafuta mkosaji.
Tulimtazama Vitalisi na parachichi zake,
na ule mpira anaoutega usiku, ambao sote tunaujua.
Vitalisi akaionyesha hoteli,
hoteli haikuwepo, ila mlinzi wake aliwataja wachoma mkaa,
na mmoja akasema tabianchi.
Kidole kikapanda mlima mpaka mawinguni,
na huko hakuna wa kutozwa faini.

"Katibu," akasema Apolinari, "hebu soma daftari."

Nikasoma. Majina sitini na moja.
Jumamosi ya kuzoa tope walifika ishirini na watatu.
Nilisoma kwa sauti ya kanisani, nikitua kwenye kila faini,
harusi ya Uru, mguu umevimba, ng'ombe kazaa,
hadi nikafika kwa Filotea Mmasi.
Ni mimi.
Zamu tatu sikuwepo. Faini hakuna. Sababu hakuna.
Mwenye kalamu hajiandiki.

Nilikuwa Mbuyuni nauza ndizi, karo ilikuwa imedaiwa.
Ni sababu nzuri.
Kila sababu humu ndani ni ya kweli,
na hizo kweli zote, ukizipanga moja juu ya nyingine,
zinaziba mfongo kuliko mawe.

Nikaandika mbele yao: elfu tano, mara tatu.
Mkono ulitetemeka, tarakimu zikatoka kama za mwanafunzi.
Ndipo Mama Nakijwa akasogeza kiti.
"Nami niandike. Zamu yangu ya kuzoa tope ni lini?"
Ukurasa ulikuwa umejaa.
Nikapiga mistari mipya nyuma ya jalada, bila rula.

Jumamosi ile ukungu ulishuka hadi kwenye migomba.
Tulifika arobaini na wanne.
Mtendaji alikuja na viatu vya ofisini, akazama hadi kifundo.
Nimeandika: alikuja.
Vitalisi alimtuma kijana.
Nimeandika: alimtuma kijana.
Bwana wa mradi alipiga picha, akashika sepeto, akapiga picha tena.
Hana safu yake bado.

Maji yalipita miguuni mwetu rangi ya chai,
yakaenda zake bondeni, kwa watu ambao wengine sijawahi kuwaona.

Bomba lingali karatasini.
Faini yangu sijaimaliza: bado elfu saba.